Waneandathali hawakufa kwa ujinga, walikufa kwa uchache wao (uzi mrefu, kaeni mkao wa kula)

Mchunga_Singida (mleta uzi):

Wakuu salaam. Wiki iliyopita kuna mtu alitupia humu kwamba Waneandathali walitoweka kwa sababu walikuwa mazezeta wenye misuli, binadamu wa leo akaja na akili zake akawafuta, mada ikafungwa hapo. Watu wengi wakakubali na mimi ikaniuma kweli, maana hawa jamaa nawafuatilia tangu 2010 ile jenomu yao (yaani mpangilio mzima wa vinasaba vyao) ilipotangazwa, na kila mwaka unavyokwenda ndo naona hiyo stori ya uzezeta inazidi kukosa miguu. Kwahiyo leo naandika kwa kirefu, mwenye swali aulize, mwenye kupinga apinge, ila tusome kwanza.

Kwa asiyewajua: ni watu waliokaa Ulaya na Asia ya magharibi, kuanzia Ureno na Hispania huko hadi milima ya Altai kule Siberia, kwa miaka zaidi ya laki tatu. Wafupi, wanene, pua kubwa, kifua kama pipa. Jina linatokana na bonde la Neander karibu na Düsseldorf Ujerumani, ambako 1856 wachimba mawe ya chokaa walitoa mifupa pangoni wakadhani ni ya dubu, mwalimu mmoja wa shule anaitwa Fuhlrott akaiangalia akasema hapana, huyu ni mtu, tena mtu wa zamani sana. Halafu karibu miaka 40,000 iliyopita wanakata kabisa. Timu ya Tom Higham ilipima upya tarehe za maeneo 40 kuanzia Urusi hadi Hispania, wakatoa majibu 2014: hadi kufika kati ya miaka 41,000 na 39,000 iliyopita walikuwa wameisha kila mahali, na kabla ya hapo waliishi Ulaya wakati mmoja na sisi kwa miaka kama 2,600 hadi 5,400. Hebu rudia hizo namba. Miaka elfu mbili na mia sita kwa uchache. Kutoka Yesu mpaka leo haijafika hapo. Kwahiyo ile picha kichwani ya kwamba tulitua asubuhi jioni wakawa wamekwisha, futa.

Sasa hiyo sifa ya uzezeta ilitoka wapi? Sehemu kubwa imetoka kwa mzee mmoja. 1908 huko La Chapelle-aux-Saints Ufaransa walipata mifupa ya mtu mzima karibu yote, ikapelekwa kwa mtaalamu wa mifupa ya kale Marcellin Boule pale Paris, akaichora amepinda mgongo, magoti yamekunjika, shingo mbele, nusu mtu nusu sokwe, na ule mchoro ndo ukaingia vitabuni. Baadaye wengine wakaja kuichunguza upya wakakuta yule alikuwa mzee anaumwa baridi yabisi ya uti wa mgongo na meno mengi yameshang'oka kitambo. Yaani umechukua babu mgonjwa umemfanya ndo sura ya kabila zima, kwa miaka mingi!

Na ubongo wao ulikuwa sawa na wetu au mkubwa zaidi kidogo. Walikuwa wanachoma magome ya mti kutengeneza gundi nyeusi ya kushikiza jiwe kwenye mpini, na kuipata gundi ile lazima uujue moto. Pango la Bruniquel Ufaransa, mita 336 ndani ya mlima, giza totoro, walivunja vile vijiwe vinavyoota kwenye sakafu ya pango wakavipanga duara, na kuna alama za moto, miaka 176,000 iliyopita wakati sisi tulikuwa hatujafika huko hata kidogo. Na Shanidar, Kurdistani ya Iraki, kuna mtu pale alipigwa au aliangukiwa na kitu usoni upande wa kushoto, yawezekana jicho lile halikuona tena, mkono wa kulia umenyauka hauna kazi, na mifupa inaonyesha ameishi miaka mingi baada ya hayo majeraha. Jicho moja, mkono mmoja, katikati ya wanyama wakali. Kuna watu walikuwa wanampa chakula yule, hakuna maelezo mengine.

Kwahiyo akili walikuwa nazo, huruma walikuwa nayo. Tatizo liko kwingine.

Mchunga_Singida:

Naendelea. Tatizo ni idadi, hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndo moyo wa uzi.

Timu ya Joshua Akey ya chuo kikuu cha Princeton Marekani ilipiga hesabu 2024 kwa kutumia vinasaba, wakasema Waneandathali waliokuwa wanazaliana kwa wakati mmoja ni kama 2,400. Hiyo sio sensa ya vichwa, ni kipimo cha wale wanaopitisha damu kwenda kizazi kijacho, watu halisi walikuwa zaidi ya hapo. Lakini hata ukizidisha mara kadhaa bado ni wachache mno. Uwanja wa Mkapa unaingiza watu 60,000. Hao 2,400 ungewaweka kwenye kona moja ya jukwaa ukawasahau. Sasa wachukue uwatawanye kutoka Ureno hadi Siberia.

Mimi nimekulia kwenye mbuzi. Mfugaji yeyote humu anajua, ukiwa na zizi dogo ukaliacha beberu lile lile lipande mama, lipande binti, lipande mjukuu, mwaka wa kwanza huoni kitu, wa pili huoni kitu, mwaka wa nne unaanza kuona vitoto vinazaliwa vidogo, vingine taya limepinda, mimba zinaharibika, ugonjwa ukipita wa jirani wanapona wako wanalala. Ndo maana baba alikuwa anabadilishana beberu na watu wa mbali, sio jirani, wa mbali. Ilikuwa ni kazi ya siku mbili kutembea.

Hawa jamaa hawakuwa na wa kubadilishana naye. Pango la Denisova Altai walipata kifupa cha kidole cha mguu cha mwanamke, wakasoma vinasaba vyake, wazazi wake walikuwa na ukaribu wa damu kama wa ndugu waliochangia mzazi mmoja. El Sidrón huko Hispania kuna mabaki ya watu kama 13, ukiwapima unakuta kasoro za kuzaliwa zimejirudia kwa kadhaa, kwenye uti wa mgongo, kwenye miguu. Chagyrskaya, nayo Altai, matokeo ya 2022, walisoma vinasaba vya watu 11 wa pango moja, humo wamo baba na binti yake wa umri wa kuvunja ungo, na hesabu inaonyesha kundi lao lilikuwa la watu 10 hadi 20 tu. Wanawake wengi, zaidi ya asilimia 60 kwa hesabu zao, walikuwa wameolewa kutoka makundi mengine. Kwahiyo walijitahidi kubadilishana, binti alikuwa anatoka kwao anakwenda kwa wengine. Ila hao wengine nao ni wachache, na kesho kutwa ni ndugu zako wote.

Kisha kuna huyu aliyenikosesha usingizi kabisa. Grotte Mandrin, bonde la mto Rhône Ufaransa, timu ya Ludovic Slimak walitoa taya na meno ya Mneandathali mmoja, wakampa jina Thorin, matokeo ya vinasaba yakatoka 2024. Ukoo wake ulikuwa umejitenga na Waneandathali wengine kwa karibu miaka 50,000. Elfu hamsini. Na wengine walikuwepo huko huko Ulaya, sio kwamba kulikuwa na bahari katikati. Watu wake walikaa na watu wao, hawakuchanganyika na mtu.

Kishoka:

Mleta uzi umeandika vizuri ila mimi naona unawasafisha binadamu. Tuliwaua. Angalia tu tunavyofanyana sisi wenyewe tuliofanana, sembuse huyo mwenye paji la uso kama kibaraza. Wazungu walipofika Tasmania, kile kisiwa cha Australia, yaliyowakuta wenyeji unayajua.

Mchunga_Singida:

Mkuu Kishoka sikatai kwamba kuna mahali damu ilimwagika. Shanidar hapo hapo kuna mwingine ana mkato kwenye ubavu ambao wapo wanaosema ulitokana na kitu cha kurushwa, na silaha za kurusha ni za kwetu zaidi. Lakini mauaji ya kumaliza watu bara zima yanaacha alama. Ungekuta mapango yana mifupa yao imejaa mikuki yetu, huyakuti. Watafiti wa chuo kikuu cha Tübingen Ujerumani walilinganisha 2018 majeraha ya vichwa ya Waneandathali na ya binadamu wa kale wa Ulaya na Asia, viwango vikalingana.

Na kuna hesabu ambayo inatisha kuliko vita. Mtafiti mmoja anaitwa Zubrow alionyesha tangu 1989 kwamba tofauti ya vifo ya asilimia 2 tu kati ya makundi mawili yanayokaa pamoja inatosha kulimaliza moja ndani ya kama vizazi 30, miaka elfu moja. 2019 wengine wakapiga ya uzazi, wakakuta uwezo wa kuzaa wa wanawake vijana ukishuka kwa asilimia 2.7 tu, watu wote wameisha ndani ya miaka 10,000. Asilimia 2.7! Katika mia unakosa watoto wawili au watatu. Wewe uliyemo ndani hutajua kuna kitu kimebadilika. Mwaka huo huo Krist Vaesen na wenzake wakaiweka kwenye kompyuta bila binadamu wa kisasa kabisa, wakatia kuzaliana kwa ndugu, wakatia ugumu wa kupata mwenza kwenye idadi ndogo, wakatia na zile bahati mbaya za kawaida kama mwaka mmoja kuzaliwa wavulana watupu, na bado watu wa idadi ile waliweza kwisha wenyewe. Kwahiyo hata kama sisi tusingetokea huenda wangekwisha, na kufika kwetu tukawabana mabonde yenye wanyama, makundi yao yakazidi kuwa mbali mbali.

Mama_Zai:

Kaka shukrani sana, naomba kuuliza kuhusu baridi na ile volkano ya Italia, maana nilisikia ndo iliyowamaliza.

Mchunga_Singida:

Dada Mama_Zai swali zuri. Volkano ni ya Campi Flegrei karibu na Napoli, ililipuka karibu miaka 40,000 iliyopita, mlipuko mkubwa kweli, majivu yake yanapatikana mpaka Urusi. Ila hayo majivu ndo yanayoikana kesi yenyewe, kwa sababu kwenye mapango mengi tabaka la majivu liko juu ya zana za binadamu wa kisasa, maana yake Waneandathali walikuwa wameshaondoka hapo kabla jivu halijashuka.

Baridi ni kweli ilichangia lakini sio peke yake. Hawa walishavuka zama za barafu zaidi ya moja, baridi walikuwa wanaijua kuliko sisi tuliotoka huku. Shida kipindi kile hali ya hewa ilikuwa inageuka haraka haraka, msitu unakuwa nyika ndani ya maisha ya mtu mmoja, kisha unarudi. Ukiwa na watu wengi mnaojuana mbali, mwaka mbaya unahamia kwa shemeji. Ukiwa kundi la watu 15 na shemeji yako mwenyewe yuko pango la pili naye hana kitu, mwaka mmoja mbaya unakumaliza na hakuna wa kuja kukaa pango lako.

Mchunga_Singida:

Sasa tuje kwetu sisi, maana hapa ndo watu wanajisifu bila sababu. Homo sapiens walikuwa wanatoka Afrika na kushindwa mara nyingi. Mapango ya Skhul na Qafzeh, Israeli, sisi tulikuwepo pale miaka 120,000 hadi 90,000 iliyopita, kisha tunapotea, baadaye ukija kwenye mapango ya jirani ya miaka 60,000 unakuta wanaokaa ni Waneandathali. Mandrin pale pale alipopatikana Thorin, kuna jino la mtoto wa kwetu la miaka 54,000, tabaka linalofuata juu yake ni Waneandathali tena. Wamerudi kwao!

Na hata waliofika wakakaa, Ranis Ujerumani, miaka kama 45,000 iliyopita au zaidi, vinasaba vyao vimesomwa, wana damu ya Kineandathali kiasi, na hawana mjukuu hata mmoja duniani leo. Taya la Peștera cu Oase Romania, miaka 40,000, yule alikuwa na Mneandathali kwenye ukoo vizazi vinne hadi sita tu nyuma yake, yaani babu wa babu hivi, naye ukoo wake ulikatika. Wale wa kwanza wa kwetu Ulaya walikufa kama Waneandathali walivyokufa, na karibu wakati ule ule!

Tofauti ni kwamba wa kwetu wakifa, nyuma yao kuna wengine wanakuja. Halafu wengine. Nyuma kabisa kuna bara zima la Afrika lenye watu wanaofahamiana. Olorgesailie Kenya, miaka zaidi ya 300,000 iliyopita, watu walikuwa na mawe meusi ya volkano yaliyotoka umbali wa hadi kilomita 90. Shanga za ganda la yai la mbuni za Afrika mashariki na kusini, zaidi ya 1,500 zilipimwa kutoka maeneo 31, zikaonyesha kwamba kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita watu wa huku na wa kusini walikuwa wanatengeneza shanga za namna moja, umbali wa kilomita kama 3,000. Mtindo umesafiri kutoka mtu hadi mtu mpaka kule. Mneandathali mawe yake mengi alikuwa anayaokota hapo hapo karibu na kwake. Mimi hiyo shanga naiona ni kubwa kuliko mkuki.

Mtu_wa_Pwani:

Assalaam alaykum. Mimi kiimani najua sote ni wana wa Adam, sasa ndugu yangu hawa unawaweka wapi, ni watu ama ni wanyama? Nauliza kutaka kujua sio kwa ubishi.

Mchunga_Singida:

Waalaykum salaam ndugu yangu. Imani yako naiheshimu na sitoigusa. Mimi nitakwambia mifupa inasema nini: waliwasha moto, waliuguza wagonjwa, kuna waliolazwa kaburini, na wakazaa na sisi watoto waliokua wakazaa na wao. Kwangu mimi mtu niliyezaa naye siwezi kumwita mnyama.

Mwana_wa_Webuye:

Sasa hapo kwa kuzaa, mimi niko huku Bungoma na nimesoma mara mingi sana ati sisi Waafrika hatuna hiyo damu kabisa, ni Wazungu na Waasia pekee wako nayo. Ni ukweli?

Mchunga_Singida:

Ndugu yangu wa Webuye, yaani umeuliza wewe wa Webuye! Ngoja nikae vizuri. Walio nje ya Afrika wana kama asilimia 1 hadi 2. Sisi kwa miaka kumi tuliambiwa sifuri, na sababu ni kwamba njia ya kupima ilikuwa inachukua Waafrika kama kipimo cha sifuri, kwahiyo lazima utoke sifuri. 2020 timu ya Akey wakaja na njia nyingine, wakapima watu wa Afrika wa makundi matano, na moja ya hayo makundi ni Waluhya wa Webuye, Kenya. Sio mfano, ni Webuye hiyo hiyo yako, sampuli zake zimo kwenye ule mradi wa kimataifa wa jenomu elfu moja. Wakakuta kila mmoja anayo kama asilimia 0.3. Sehemu yake ililetwa na watu waliotoka Afrika, wakachanganyika huko, wajukuu zao wakarudi.

Mwana_wa_Webuye:

Wueh. Webuye tunajulikana na kiwanda cha karatasi tu na yale maporomoko ya Nabuyole. Hii lazima niwaambie wazee jioni. Asante sana ndugu.

Mama_Zai:

Kaka mimi ni muuguzi, kipindi kile cha Korona nilisikia kuna kitu kinatokana na hao, ni kweli au uzushi wa mitandaoni?

Mchunga_Singida:

Ni kweli dada. Watafiti Zeberg na Pääbo walionyesha 2020 kipande cha vinasaba kwenye kromosomu ya 3 kinachoongeza hatari ya kuzidiwa na Korona kimerithiwa kutoka kwa Waneandathali. Asia ya Kusini karibu nusu ya watu wanakibeba, Ulaya kama asilimia 16, Afrika karibu hakipo. Huyo Pääbo ndiye aliyepewa Nobel 2022 kwa kazi ya jenomu za kale.

Na hii inarudi kwenye mada, maana sehemu ya jibu la waliishia wapi ni kwamba waliingia ndani yetu. Kundi la watu 15, mabinti wawili wakiolewa kwa wageni wenye watu wengi, kwa wageni ni tone, kwa kundi ni pigo la uzazi kwa kizazi kizima. Hakuna aliyekufa hapo, kulikuwa na harusi tu, na kundi limebaki bila wazazi.

Kishoka:

Mkuu nimekuelewa, nimerudi nyuma kwenye la kuua. Ila nina swali la mwisho na naomba ulijibu: unadhani walijua? Kwamba wanakwisha?

Mchunga_Singida:

Kishoka hilo nimelifikiria sana, nitakujibu kwa ninachokijua kwa macho yangu.

Kitongoji cha bibi yangu kilikuwa na kaya 11 wakati nazaliwa. Barabara ilipita upande wa pili wa korongo, kisima kikachimbwa huko, watu wakawa wanahama mmoja mmoja, mabinti wanaolewa huko huko. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna njaa ya kutisha, hakuna ugomvi. 1994 vijana wa kwenda jandoni walikuwa wawili, haitoshi, wakapelekwa kuungana na wa ng'ambo. Hapo hakuna mzee aliyesema kitongoji kimekwisha, walisema tu mwaka huu vijana ni wachache. Mwaka uliofuata hakukuwa na hata mmoja. Bibi alikaa pale mpaka kaya zikawa tatu, na kila jioni alikuwa anapika chungu kile kile kikubwa cha zamani, akisema huwezi kujua nani atapita.